Chai Ambayo Kamati Haikunywa

Kumsalimu Yarrow ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka. Ukimrushia "habari" moja na kuendelea na safari yako, alikutazama kwa huruma kama mtu anayemwona mwenzake ametoka nyumbani bila viatu. Yeye alisimama, akaegemea fimbo yake, akaanza. Wewe mwenyewe ni amani? Watoto ni amani? Mifugo? Mvua ya kwenu? Njia uliyopita? Na kila swali ulipaswa kulijibu "nabad", yaani amani, hata kama asubuhi hiyo nyumba imeungua na mume amekukimbia. Ukimaliza kujibu, ni zamu yako kumuuliza, naye akujibu nabad, nabad, nabad. Mimi ni mtu wa Meru. Kwetu salamu ni neno moja na mguu uko njiani. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa nikimwona kwa mbali, nazunguka nyuma ya nyumba.

Jina langu ni Kagendo, ingawa huko hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa mume wangu. Nilikuwa Mama Kanana, mke wa Elkanah, ofisa wa mifugo. Mume wangu alipelekwa Garissa na serikali wakati vita vya shifta vimepamba moto, na mwaka wa 1966 akasogezwa mpaka karibu na Bura, kwenye kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge. Shifta, yaani wapiganaji wa msituni, walitaka eneo lote lile lijiunge na Somalia. Serikali haikutaka hata kusikia, na kwa kuwa askari hawakuweza kumtofautisha shifta na mchungaji, waliwakusanya wachungaji wote na kuwafungia ndani ya waya pamoja na wanyama wao. Ukitaka kutoka, pasi, yaani kibali cha askari. Ukitaka kurudi, pasi. Jua likikaribia kuzama, ole wako ukutwe nje.

Yarrow alikuwa mmoja wa waliofungiwa. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, meno meupe, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Maisha yake yote alikuwa amezunguka na ngamia kutoka mto Tana mpaka mpakani, akifuata mvua. Binti yake mkubwa, Maryan, alikuwa ameolewa mbali kabisa, Lafey, na vita vilikuwa vimekata njia kati yao. Kijijini alibaki na mkewe Fatumo, watoto wadogo, na ngamia. Hao ngamia ndio waliokuwa akiba yake, chakula chake, mahari ya wanawe, na heshima yake mbele ya watu. Mwenye ngamia kule anaweza kukosa kila kitu kingine na bado akaitwa mtu.

Nilianza kumpenda kwa sababu ya maziwa. Nilikuwa nimefungua kihoteli kando ya geti, mabenchi mawili na sufuria kubwa, nikiwauzia chai askari na yeyote mwenye senti. Yarrow aliniletea maziwa ya ngamia, na akinikuta na haraka zangu alinikalisha chini kwa maneno. Siku moja nilimuuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini watu wake wanadanganya. Jana yake nilikuwa nimemsikia mtu akimjibu nabad, nabad, nikaja kujua baadaye kwamba kaka wa mtu huyo alikuwa amepigwa risasi.

"Sio uongo, Mama Kanana," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Habari baya ni mzigo. Mgeni ametembea jua kali, naye iko na mzigo yake. Wewe nataka weka ingine juu? Hapana. Kwanza nabad. Halafu anakaa, anakunywa. Akiweka kikombe chini, sasa tunafungua habari. Habari ya kweli iko nyuma ya chai."

Ndivyo walivyoishi wote, wala hakuna aliyechanganyikiwa. Kila mtu alijua kwamba nabad ya mwanzo si jibu, ni mlango tu. Yarrow alisifika kwa hilo kuliko wengine. Watu walisema anajua kupanga maneno, kwamba hata kifo akikitangaza yeye unakipokea ukiwa umekaa vizuri.

Sasa, ukiwafungia wanyama wengi mahali pamoja, kando ya mto, unatafuta balaa. Mbung'o walikuwa wengi kwenye vichaka vya Tana, na ng'ombe wakaanza kukonda na kufa. Serikali ikaamua vichaka vipigwe dawa. Mapipa yalikuja kwa lori, na Elkanah na vijana wake wakabeba pampu mgongoni, wakanyunyiza miti na majani kuanzia shina, upande wote wa kusini wa kijiji. Elkanah alirudi nyumbani macho mekundu, na harufu ile haikutoka kwenye nguo hata nilipozifua kwa majivu.

Mbung'o walikufa kweli. Lakini ng'ombe hula nyasi, na ngamia hula majani ya vichaka, yaleyale yaliyonyunyizwa. Haikupita muda ngamia wakaanza kutetemeka. Walizunguka mahali pamoja kama wanaotafuta kitu walichokiangusha, wakatokwa povu, wakaanguka. Majike waliokuwa na mimba waliitupa. Yarrow alipoteza dume lake na mitamba yake. Akaja kwetu, akasalimu salamu zake zote, akanywa chai yangu, akaweka kikombe chini, ndipo akamwambia Elkanah.

Elkanah alikuwa mtu mwema, nasema hivyo si kwa sababu alikuwa wangu. Alichukua karatasi ya maelekezo, akamsomea: wanyama wasilishwe mahali palipopigwa dawa mpaka mvua inyeshe. Yarrow akamwonyesha kwa fimbo upande wa mashariki, nje ya waya, ambako vichaka vilikuwa safi. Amri ya askari ilikuwa wanyama wasivuke hapo, kwa sababu ng'ambo ile shifta wangeweza kuwachukua au kuwala.

"Sasa ngamia akule nini?" Yarrow akauliza. "Akule waya?"

Elkanah aliikunja ile karatasi. Alipeleka taarifa Garissa, na kwa muda hatukusikia kitu.

Kisha zikaja habari mbili siku moja. Ya kwanza ilikuwa mbaya: dawa itapigwa tena, safari hii upande wa kaskazini, ambako ndiko ngamia wote waliobaki walikuwa wakila. Ya pili ilitufurahisha kupita kiasi. Kabla ya dawa hiyo kupigwa, kamati ingekuja kutoka Nairobi kuwasikiliza wananchi, kujua kama ile ya kwanza ilikuwa salama au ina madhara. Maoni yao yangeandikwa na kufuatwa. Elkanah aliingia nyumbani akicheka peke yake.

"Unaona, Kagendo? Mzungu hakuwahi kumuuliza mtu kama dawa inamdhuru. Alimwaga tu. Hii ni serikali yetu, inauliza."

Nami niliamini. Bado nasema nia ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama wangekuwa watu wabaya.

Kijiji kizima kilimchagua Yarrow awe msemaji. Ombi lao lilikuwa jepesi, mtoto angeweza kulisema. Upande wa kaskazini usipigwe dawa mpaka mvua zioshe ule wa kusini. Kama haiwezekani, basi geti la mashariki lifunguliwe, ngamia walishwe huko chini ya ulinzi wa askari. Moja kati ya hayo mawili. Wakikosa yote mawili, ngamia wamekwisha, na kila mtu alilijua hilo.

Fatumo, mkewe, hakutulia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kusema linalomjia, na alimwambia mbele yangu, kwa Kisomali ambacho wakati huo nilikuwa nimeanza kukishika:

"Watu wa ofisi hawana subira. Anza na ngamia waliokufa. Nabad utawapa wakiwa wanaondoka."

Yarrow alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Unataka nimmwagie mgeni maji machafu mlangoni?"

"Mmwagie," Fatumo akasema. "Atajikausha Nairobi."

Elkanah naye alimshika Yarrow mkono, akamwambia aende moja kwa moja kwenye jambo. Yarrow akamjibu kwamba yeye si ombaomba wa kulilia watu kabla hawajakaa. Watu wametoka kwa rais mpaka hapa kumsikiliza mchungaji. Kama wao wamemheshimu hivyo, yeye atawaheshimu zaidi. Alisema hivyo akiwa amenyooka, na mimi nilimwona mkubwa kuliko siku zote. Mungu anisamehe, nilifikiri Fatumo ana kidomodomo tu.

Siku ilipofika, tuliwangoja tangu asubuhi. Msafara ulichelewa kwa sababu askari walitangulia kwa miguu wakitafuta mabomu barabarani. Wanawake walikuwa wamechanga sukari, na sukari wakati ule ilikuwa ya mgawo, usifikiri ilikuwa kitu kidogo. Yarrow alitoa maziwa ya Adey, ngamia wake mweupe aliyekuwa bado ananyonyesha, akaniambia, "Mama Kanana, leo bika kama ya harusi." Nikaipika kweli. Niliweka iliki, mdalasini, tangawizi, na nikaipunguzia moto ikatulia mpaka rangi ikawa kama ninavyoitaka.

Walifika baada ya sala ya adhuhuri. Walikuwa watatu, na mkalimani wao Sugow, kijana wa Garissa aliyesoma, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi. Turubai lilikuwa limefungwa kando ya geti. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye uso wa kirafiki, alijifuta jasho, akatoa hotuba fupi kwamba serikali haitaki kumdhuru mwananchi hata mmoja wala mnyama wake. Kisha akaanza kuuliza, na mmoja wao akawa tayari na kalamu.

"Hali ya wananchi hapa ikoje?"

Sugow akatafsiri. Yarrow akasimama, shuka nyeupe begani. "Nabad," akasema. "Tunamshukuru Mungu."

"Mifugo yenu je? Iko salama?"

"Nabad. Alhamdulillahi."

"Ile dawa iliyopigwa, imewaletea tatizo lolote?"

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nilimwona Elkanah akiangalia chini. Nilimwona Fatumo, kule nyuma walikokaa wanawake, akiuma ncha ya mtandio wake. Na Yarrow, kwa sauti yake ile nzuri, kama anayempokea mgeni aliyemngoja maisha yake yote, akasema:

"Nabad. Wageni wetu wametoka mbali, na njia ni mbaya. Wakae, wanywe, ndipo tutazungumza."

Sugow alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza. Kalamu ikaandika. Mwenyekiti akaangalia saa yake, kisha jua, kisha ofisa wa askari waliowasindikiza, ambaye alitikisa kichwa kuonyesha kwamba muda umekwisha. Nami nikaona hali inageuka, nikaenda mbiombio na vikombe. Nilimmiminia mwenyekiti, nikammiminia wa pili. Wa tatu, mwembamba mwenye miwani, aliziba kikombe kwa kiganja na kumnong'oneza mwenzake, kwa Kiswahili safi, kana kwamba mimi ni gogo:

"Usinywe. Hujui aliyeipika ni nani."

"Ni mimi," nikasema. "Naitwa Kagendo, nimetoka Chuka, huko Meru, na nimebatizwa."

Mwenyekiti alicheka kwa aibu. "Mama, usichukie. Ni muda tu. Lazima tufike Garissa kabla ya kafyu." Akasimama. Akampa Yarrow mkono, akautikisa kwa nguvu. "Mwambie tumefurahi sana kusikia hakuna matatizo."

Waliogopa sumu kwenye chai yangu, wakaiacha ile ya majani iendelee na kazi yake. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Yarrow hakuelewa mara moja. Alifikiri wanakwenda kujisaidia, au kunyoosha miguu kabla ya kukaa. Alibaki amesimama, tabasamu usoni, akiwaonyesha watoto kwa ishara wasogeze mikeka. Ndipo injini ya kwanza ikawaka. Akamgeukia Sugow, na Sugow akamwambia kwa upole, "Adeer, wanaondoka." Adeer ni baba mdogo, ndivyo vijana wao wanavyomwita mtu mzima kwa heshima.

Sijapata kuona uso wa mtu ukianguka vile. Aliondoka mbio kuelekea magari, fimbo juu, akiita kwa Kiswahili kile kidogo alichokuwa nacho, "Ngamia! Ngamia nakufa! Ngoja!" Wakati ule, mwanamume wa Kisomali anayelikimbilia gari la serikali akiwa na kitu mkononi alikuwa maiti anayetembea. Askari wawili waliinua bunduki. Fatumo alimrukia kwa nyuma, akamvuta shuka mpaka ikachanika, wakaanguka wote wawili mavumbini.

Elkanah alifika kwenye dirisha la landrova. Nilimsikia akieleza kwa haraka, ngamia, majani, upande wa kaskazini. Mwenyekiti alimsikiliza, hilo sitamnyima. Kisha akamwekea mkono begani.

"Bwana Elkanah, wewe ni mtumishi wa serikali. Tulitumwa kuchukua maoni ya wananchi, si ya watumishi. Na wananchi wamesema."

Wakaenda. Chai ikabaki kwenye birika, nzito, tamu, na hakuna mtu aliyeigusa. Jioni niliimwaga.

Miaka baadaye nilikutana na Sugow mjini Garissa, nikamuuliza usoni kwa nini hakuwaeleza wale watu maana ya nabad. Alikuwa mtu mzima sasa, na alijibu bila kujitetea sana. "Mama, wakati ule mkalimani akiongeza neno lake mwenyewe, anahesabiwa upande wa shifta. Nilikuwa na mama yangu nyumbani." Nilimwelewa. Lakini chai niliyompa siku ile ilikuwa ya baridi, na sikujisumbua kuipasha.

Yarrow hakukubali yaishe hivyo. Alifuatilia pasi mpaka akaipata, akapanda lori mpaka Garissa, akasimama mbele ya meza ya ofisi na safari hii hakusalimu. Alisema ngamia wanakufa. Kijana aliyekuwa mezani alikuwa na adabu, akatafuta faili la jambo lake, akamwambia kwamba kamati imekwisha kuleta jibu la kijiji chake, na jibu lilikuwa kwamba hakuna madhara. Yarrow akasema yeye ndiye aliyelitoa jibu hilo na sasa analitengua. Kijana akasema hana uwezo huo, kamati imerudi Nairobi. Huenda wangekuja tena mwaka ujao.

Dawa ikapigwa kaskazini. Elkanah aliomba ahamishwe asiipige yeye, wakamwambia atahamishwa akishaipiga. Watu waliokuwa wakinywa chai kwetu walipita wakiangalia pembeni. Kwa siku kadhaa wenye ngamia waliwafungia ndani ya maboma ya miiba na kuwakatia matawi ya huku na huku, lakini ngamia si mbuzi, huwezi kumshibisha kwa mkono. Walilia usiku na mchana. Mwishowe ikabidi wafunguliwe, wakaenda kula kilichokuwepo.

Adey alikuwa wa mwisho wa Yarrow. Alidumu kuliko wenzake, tukaanza kupata matumaini, kisha asubuhi moja nikaitwa. Nilimkuta amelala karibu na waya, shingo imenyooka mchangani, miguu ikipigapiga. Ndama wake alikuwa anamsukuma kwa pua, anatafuta ziwa. Yarrow alikuwa amekaa kando ya kichwa chake, anamfukuzia nzi. Niliketi karibu naye. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza kama watoto wangu ni amani.

"Mimi ndiyo naua," akasema. "Sio dawa. Sio Elkanah. Mdomo yangu hii."

"Usiseme hivyo, Mzee Yarrow. Ungejuaje?"

"Fatumo alijua." Kisha akaanza kulia waziwazi, mwanamume yule, mbele ya wanawake na watoto, na hakujifunika uso. Nilitaka kumshika mkono lakini dini yake na desturi yao vilinizuia, nikabaki nimekaa tu kama mjinga, nikilia pamoja naye.

Mwaka wa 1967 vita vilimalizwa kwa mkataba. Haikuwa siku moja watu wakaachwa huru, ilichukua muda, lakini mwishowe geti likaachwa wazi na watu wakatawanyika. Wenye wanyama walifuata mvua. Yarrow hakuwa na cha kufuata. Alikuja Garissa mjini na Fatumo, akanunua punda, akawa anachota maji mtoni na kuuza mlango kwa mlango. Sisi tulikuwa tumehamishiwa hapohapo mjini, na Elkanah alipofariki mimi sikurudi Meru. Nilifungua hoteli yangu karibu na mahali malori ya kaskazini yanaposimama, na Yarrow ndiye aliyeniletea maji miaka yote.

Alikuwa amebadilika, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya kuchekesha kama hukujua yalikotoka. Ukimwambia "habari", anakupa habari. Palepale, kavu. "Goti nauma. Bunda ameumia mguu. Mtoto ya jirani iko na surua." Watu wazima wa kwao walichukia, wakasema mji umemharibu. Vijana walimfanya mchezo, wakimsalimu kusudi wasikie atalalamikia nini leo. Zamani ndiye aliyekuwa akitumwa kutoa habari za misiba kwa sababu ya ulimi wake mzuri. Sasa hakuna aliyemtuma, na watu walimwona akija wakaingia ndani. Nilijaribu kumtania kidogo, nikamwambia, "Mzee Yarrow, hata nabad moja ya kutupoza?" Hakucheka. Alimimina maji kwenye pipa langu, akaondoka.

Fatumo aliugua mwaka ule wa ukame mkubwa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua, na ulimmaliza polepole. Tulipeleka salamu kwa madereva wa malori mpaka Lafey, kwa Maryan, kwamba mama yake anaumwa na anamtaka. Maryan hakuwa amemwona mama yake tangu kabla ya vita. Njia ni ndefu, na salamu zilimfikia kwa kuchelewa. Fatumo alizikwa siku ya Jumatano. Wiki ileile lori likaingia, na mwanamke akashuka kwa tabu, mtoto mchanga mgongoni, furushi mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na kimo cha baba yake na midomo ya Fatumo.

Yarrow alikuwa pale na punda wake. Nilimsogelea haraka, nikamnong'oneza, "Mwache akae kwanza. Nimpe maji. Nimtoe mtoto mgongoni, ndipo umwambie." Sijui kama alinisikia. Maryan alimwona, uso wake ukafunguka kwa furaha, akaanza, "Aabo, nabad miya? Baba, ni amani?"

"Fatumo amekufa," Yarrow akasema kwa Kisomali. "Tumemzika Jumatano."

Furushi likaanguka. Kisha Maryan akayumba, na niliwahi kumdaka mtoto kabla mama hajaanguka naye. Wanawake walitoka madukani. Mtu mmoja alimpigia Yarrow kelele, akamuuliza ana moyo gani. Maryan alikaa chini mchangani, vumbi likitiririka na machozi, akamtazama baba yake kutoka chini.

"Hata kukaa, Aabo? Hukuweza kuningoja hata nikae?"

Yarrow alikuwa ameshika kamba ya punda kwa mikono yote miwili.

"Ningengoja ukae," akasema, "ungeondoka kabla sijasema."

Sote tulisikia. Lori lililomleta lilikuwa linashusha mizigo, halikuwa na safari ya kurudi mpaka wiki ijayo. Maryan alikuwa amefunga virago vyake vyote Lafey ili aje amuuguze mama yake mpaka apone. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Nilimshikilia mtoto wake, aliyekuwa ameanza kulia, nikamwona Yarrow akiinama kuokota furushi, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na binti yake, na hakuthubutu kumgusa.